Yesu wa Ukutani, na Karatasi ya Nyuma

Mimi nakusanya picha za zamani za Yesu, zile za kutundika sebuleni. Nyingi nimezipata Jinja na Mbale, kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Wao wanauza fremu na kioo. Karatasi yenyewe wanaitoa wanaitupa, ndiyo maana naipata kwa bei ndogo, au bure.

Vijana wa kikundi chetu wananiuliza: huyu mzungu unamtunza wa nini? Swali ni la haki, na jibu lake ni historia. Yule wa nywele ndefu za kahawia, anayetazama pembeni, alichorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani waligawiwa nakala ndogo za mfukoni, na jumla zimechapwa zaidi ya milioni 500. Yule anayeonyesha moyo wenye moto ni mzee zaidi: anatokana na picha ya Pompeo Batoni, Roma, mwaka 1767. Huyo ni wa nyumba za Wakatoliki, ambao upande huu wa mashariki walifundishwa na mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza, waliofika Uganda mwaka 1895. Ukiingia kwa mtu, ukuta unakwambia kanisa lake kabla hajafungua mdomo. (Kilima cha Nabugoye, nje ya Mbale, usihangaike kutafuta. Pale ni kwa Abayudaya, wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoianza mwaka 1919.)

Kwa hiyo uso ule haukutoka Bethlehemu, ulitoka kwa wachapaji. Wakristo wa kaskazini mwa Kameruni, miaka ya 1970, waliigiza Injili kijijini kwao, na kutokana na maigizo hayo zikachorwa picha za Yesu mweusi. Nazipenda sana. Lakini wanaosema hizi za zamani zichomwe, hapo hatuelewani.

Geuza nyuma uone. Moja ya Jinja ina muhuri wa duka la fremu la Main Street, jina la Kihindi. Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, basi fremu ile ni ya kabla ya hapo. Nyingine, ya Mbale, ina majina ya watoto sita kwa kalamu ya risasi, kila mmoja na tarehe ya ubatizo. Majina mawili yana msalaba mdogo pembeni.

Sisi tuliokimbia tunajua karatasi ya namna hiyo ni nini. Wangapi hapa vyeti vyao viliungua pamoja na nyumba? Mama mmoja wa zoni yetu alivuka mpaka na Moyo Mtakatifu bila fremu, umekunjwa mara nne ndani ya kitenge. Nyuma kuna siku aliyozaliwa kifungua mimba wake. Hiyo sitamwomba anipe. Nilimwomba tu niipige picha upande wa nyuma, akakubali, mradi aishike yeye mwenyewe.

Kama kwenu ipo, njoo nayo kituo cha vijana. Nitapiga picha ya nyuma, na yenyewe utarudi nayo nyumbani.