Waliopewa Funguo Wakanyimwa Nyumba

Aprili 2008 ilipokuwa ikielekea ukingoni, serikali ya mseto ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga ikiwa haijatimiza hata mwezi mmoja, askari jela wa Kenya waligoma. Mahabusu hawakufikishwa mahakamani, wafungwa wakabaki wamefungiwa, na jamaa waliokuja kuwatazama wakarudishwa langoni. Kwa raia wa kawaida mgomo ni mgomo. Kwa askari aliyekula kiapo na kuvaa kombati, kugoma ni uasi, na kila aliyekuwa kwenye gwaride siku hizo alilijua hilo.

Kilichowasha moto ni posho. Polisi walikuwa wameahidiwa posho ya hatari kwa kazi waliyofanya wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na askari jela wakaona wameachwa nje. Ila posho ilikuwa kijiti cha kiberiti tu. Kuni zilikuwa zimekusanywa kwenye laini kwa miaka mingi.

Asiyezijua laini azitazame siku akipita karibu na gereza lolote kongwe la serikali. Ni safu za nyumba za askari nje ya ukuta, na katika magereza mengi zilijengwa kwa ajili ya kapera wa enzi ya mkoloni, mtu mmoja mwenye kitanda na sanduku. Idadi ya askari ikaongezeka, wakaoa, wakazaa, na nyumba zikabaki zile zile. Familia mbili zikagawana chumba kimoja kwa shuka iliyoning'inizwa katikati. Waliokosa hata nusu ya chumba wakajijengea vibanda vya mabati au vya udongo kando ya uwanja. Baba anatoka lindo alfajiri, akitafuta usingizi, na watoto wa familia mbili wanajiandaa kwenda shule humo humo. Mtu huyo huyo jioni hupewa funguo za jengo lenye mamia ya watu na kuambiwa awe na subira.

Ni historia ndefu, na ilianzia Pwani. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895, Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16, iligeuzwa jela, na ikabaki jela hadi 1958. Utawala mpya ulihitaji mahali pa kuwaweka watu kabla hata ya kuwa na barabara. Idara ya magereza yenyewe huhesabu umri wake kuanzia 1911. Utawala huo ulileta makosa ambayo mababu hawakuyajua: kutolipa kodi ya nyumba, kumtoroka mwajiri mzungu, na tangu 1920 kukutwa bila kipande, kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kubeba. Watu wakawa wengi hivi kwamba mwaka 1925 ilitungwa sheria ya kambi za vizuizi, ili wenye makosa madogo wasichanganywe na wahalifu sugu.

Nani aliwalinda? Mwafrika aliyeajiriwa kwa malipo duni, mara nyingi mbali na kwao ili asiwe na ndugu miongoni mwa wafungwa, akisimamiwa na Mzungu ambaye hakujua lugha yake. Mafunzo yake yalikuwa gwaride na bunduki. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumtuliza mtu aliyekata tamaa, wala namna ya kumtambua mgonjwa. Katika macho ya kijiji alikuwa mkono wa mkoloni. Katika macho ya mkoloni alikuwa kibarua mwenye sare. Nadhani ni hapo hasa, kabla ya vita vyovyote, ndipo kazi hii ilipopewa sura iliyodumu nayo karibu karne nzima.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 kupambana na uasi wa Mau Mau. Kambi zikatapakaa: Manyani, Mackinnon Road, Mwea, Lodwar, visiwa vya Mageta na Saiyusi ndani ya Ziwa Victoria. Operesheni Anvil ya Aprili 1954 jijini Nairobi ilikamata maelfu ya watu kwa siku chache. Askari waliajiriwa kwa haraka ile ile iliyotumika kuchimbia nguzo za seng'enge, na haraka hiyo ilikuwa na gharama.

Gharama hiyo ilionekana katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, tarehe 3 Machi 1959. Mahabusu 85 waliokuwa wamegoma kufanya kazi walipelekwa kuchimba mfereji wa umwagiliaji. Askari wenye marungu waliwazunguka. Jua lilipotua, watu walikuwa wamepigwa hadi kufa. Waliofariki kwa jumla ni 11. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba maji waliyokunywa kutoka kwenye gari la maji ndiyo yaliyowaua. Uongo huo haukudumu. Usiku wa 27 Julai mwaka huo Bunge la Uingereza lilijadili mauaji hayo, na miongoni mwa waliowashambulia mawaziri kwa ukali alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala.

Simtetei askari aliyeinua rungu siku ile. Watu 11 walikuwa na wazazi, wake na watoto, na damu yao haifutiki kwa kusema kuwa muuaji alitumwa. Lakini ukweli una upande mwingine unaopaswa kutajwa bila haya. Mpango wa kuwalazimisha mahabusu kufanya kazi kwa nguvu uliandikwa na afisa mwandamizi wa magereza, John Cowan, ukapita ofisini Nairobi na kupata baraka za wakubwa. Mkuu wa kambi alistaafishwa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji, wala aliyeshika rungu wala aliyeshika kalamu. Idara iliyojifunza namna hiyo kwamba amri haiulizwi ndiyo iliyokabidhiwa Kenya huru miaka minne baadaye, pamoja na majengo, madaftari na laini zake.

Bendera ilibadilika Desemba 1963, na maafisa Waafrika wakapanda vyeo. Kuta hazikubadilika. Hata hivyo kuna jambo la miaka hiyo ambalo wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wanalifahamu kuliko wanahistoria. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika waraka wa kisiasa, "Kenya: Twendapi?", akatumikia miaka mitatu. Mashairi ya "Sauti ya Dhiki", kitabu kilichochapishwa mwaka 1973, aliyaandika gerezani kwa siri kwenye karatasi za msalani, na askari mmoja aliyemhurumia alimsaidia. Miaka michache baadaye, mwaka 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti aliandika riwaya yake ya Kikuyu, "Caitaani Mũtharaba-inĩ", juu ya karatasi za aina hiyo hiyo. Muswada ulinaswa katika msako. Baada ya majuma kadhaa mkuu wa gereza aliusoma na kuurudisha.

Napenda kulikumbuka jambo hilo kila mtu anaposema askari jela hana moyo. Bila askari yule aliyemsaidia Abdilatif, maktaba zetu zingekosa kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma. Alihatarisha kazi, pensheni na labda uhuru wake, kwa ajili ya beti. Taifa halikumshukuru, na ingekuwa vigumu kumshukuru, kwa kuwa usalama wake ulikuwa katika kutojulikana.

Miaka ya 1980 na 1990 magereza yalifura. Mahakama zilipeleka watu, mahabusu walikaa miaka wakisubiri kesi, na chumba cha watu kumi kikalazwa thelathini. Kila kichwa kilichoongezeka kiliongeza uzito kwa askari wa zamu: wa kuhesabiwa, wa kulishwa, wa kupelekwa hospitali kwa pingu. Kifua kikuu hakikubagua sare. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya kifungo cha huduma kwa jamii ili wenye makosa madogo wasipelekwe jela. Ilisaidia, ila haikutosha. Septemba 2000, wafungwa sita waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa waliuawa katika gereza la King'ong'o, Nyeri, na maelezo kwamba walikufa wakitoroka yakatiliwa shaka vikali. Septemba 2004, wafungwa watano walifia ndani ya seli iliyosheheni watu katika gereza la Meru.

Katikati ya giza hilo aliingia Moody Awori, Waziri wa Mambo ya Ndani tangu Januari 2003 na Makamu wa Rais kuanzia Septemba mwaka huo. Alifungua milango. Kamera ziliingia mahali ambapo hata mawakili walikuwa wakibembeleza. Wafungwa walipata magodoro, blanketi, sare mpya, redio na televisheni. Sina shaka kwamba Awori aliokoa maisha, na yeyote aliyewahi kulala kwenye sakafu ya saruji Nyeri mwezi wa Julai atamwombea heri.

Lakini laini zikanung'unika. Askari aliyekuwa akitazama lori la magodoro likiingia gerezani alirudi jioni kwenye chumba cha shuka katikati. Wapinzani wa mageuzi walilidaka nung'uniko hilo, wakaanza kusema wafungwa wanaengwaengwa. Walikosea. Kosa la serikali lilikuwa kuufungua mlango wa seli na kuusahau mlango wa laini, kana kwamba fedha za mmoja lazima zitoke kwa mwenziwe. Askari aliyechoka, mwenye madeni, asiye na mahali pa kumlaza mwanawe, humalizia hasira zake kwa mtu wa karibu asiyeweza kujibu. Novemba 2008, miezi saba tu baada ya mgomo, Wakenya waliona kwenye televisheni picha zilizorekodiwa kwa simu ndani ya Kamiti: wafungwa uchi wakipigwa na askari.

Mgomo wenyewe ulizaa kamati iliyoongozwa na Meja mstaafu Marsden Madoka. Kamati ilizunguka magereza na kuandika yale ambayo mke yeyote wa askari angeweza kuyasema bila kamati: nyumba, mishahara, upandishaji vyeo unaokwenda kwa kujuana. Nyumba kadhaa zilijengwa baadaye. Nyingi zaidi hazikujengwa.

Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walitoroka Kamiti, gereza lenye ulinzi mkali, wakakamatwa Kitui siku tatu baadaye. Kamishna Jenerali Wycliffe Ogalo alifutwa kazi, na Brigedia mstaafu John Warioba akachukua nafasi yake. Askari kadhaa walitiwa mbaroni. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, Rais William Ruto aliunda jopo la kuchunguza masharti ya kazi ya polisi na askari wa magereza, chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga. Ripoti ilikabidhiwa Novemba 2023, ikipendekeza nyongeza ya mishahara, na nyongeza hiyo ikapangwa kulipwa kwa awamu tatu kuanzia Julai 2024.

Tazameni mpangilio wa miaka hiyo. Mgomo, kamati. Kutoroka, jopo. Askari jela hasikilizwi mpaka kitu kivunjike, na sababu yake iko wazi katika vitabu vya sheria. Sheria ya Ajira na Sheria ya Mahusiano ya Kazi, zote mbili za 2007, zinaitaja Idara ya Magereza kwa jina ili kuiweka nje. Mwalimu ana chama, muuguzi ana chama, hata mpishi wa hoteli ana chama. Askari wa mnarani ana afande wake, na juu ya afande kuna afande mwingine, na lalamiko linaweza kulala kwenye meza yoyote njiani bila mtu kuulizwa. Nchini Uingereza, ambako mfumo wetu ulitoka, askari wa magereza wana chama chao tangu 1939. Sheria ya 1994 iliwanyima mgomo, lakini haikuwanyima sauti: viongozi wao husimama hadharani na kutaja upungufu wa askari gereza kwa gereza.

Bunge la Kenya halihitaji jopo jingine kuwapa askari wetu sauti kama hiyo. Linaweza kuipa laini baraza lake la kisheria, lenye wajumbe waliochaguliwa na askari wa vyeo vya chini, wanaume na wanawake, wenye haki ya kufika mbele ya kamati ya bajeti kila mwaka na kusema ni nyumba ngapi zinahitajika na ziko wapi. Mgomo uendelee kukatazwa ikibidi. Lakini mwanamke anayelinda zamu ya usiku katika gereza la wanawake la Lang'ata ana haki ya kujua ni nani anayezungumza kwa niaba yake, na atamuuliza lini amefikia wapi.