Sumbawanga Siyo Ungo Tu: Safari ya Tamthilia Mpaka Ufipa

Kila mpenzi wa bongo movie anaijua hii sini. Biashara imekwama, au mume kachukuliwa na mwanamke wa nje. Rafiki anakuja na ushauri, anashusha sauti: "Twende Sumbawanga." Muziki wa kutisha unaingia. Kinachofuata ni kibuyu, kitambaa chekundu na mzee mwenye macho makali. Wengine wanacheka, wengine wanaogopa, sini inaisha. Lakini kijana aliyezaliwa Sumbawanga akiwa Dar, akaangalia hiyo sini na wenzake, anajua kabisa kesho ataulizwa nini: eti alikuja kwa basi au kwa ungo?

Cha kushangaza ni jina lenyewe. Kwa Kifipa, Sumbawanga inaelezwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Yaani mji ambao jina lake linamwambia mgeni autupe uchawi ndio umefanywa bango la uchawi. Hapo kuna kitu hakijakaa sawa.

Sasa wadau, leo tugeuze kamera. Tumezoea kuona skrini inavyoiangalia Sumbawanga. Je, Sumbawanga yenyewe imekuwa ikiangalia nini miaka yote hii? Na kwa nini tamthilia za mapenzi ya familia na misiba zinawashika watu wa huko kama zinavyowashika watu wa Sinza na Kariakoo?

MTU WA SHAMBA ALIANZA KUCHEKWA ZAMANI

Mwaka 1952, kabla ya uhuru, ilitoka filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Aliyeicheza alikuwa kijana Rashidi Kawawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Stori yake ni ya mtu wa shamba anayeingia mjini na mji unamgeuza unavyotaka. Kichekesho kizuri tu. Ila ona, toka zamani hizo mtu wa kutoka mbali akitokea kwenye skrini, kazi yake ni kuchekwa.

Televisheni yenyewe ilichelewa sana. Zanzibar walikuwa nayo toka miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara ikasubiri mpaka 1994 ndipo ITV ikaanza, na televisheni ya taifa ikafuata kuelekea mwaka 2000. Kabla ya hapo, mtu wa Sumbawanga, Namanyere au Laela aliyetaka mchezo wa kuigiza alikuwa na kitu kimoja tu: redio.

MKWAJU NA TUNU

Na redio ilikuwa na mzigo wa maana. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Ndani yake kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyekuwa anabaki nyumbani na watoto. Mkwaju akaishia kuugua UKIMWI. Tunu akachoka kusubiri, akaamua kusimama kwa miguu yake na kuanzisha biashara yake ndogo.

Kwa mtu wa Ufipa, dereva wa lori siyo mhusika wa kufikirika. Mahindi na maharage ya huko yanatoka kwa malori, yanapita Laela, yanashuka mpaka Tunduma mpakani na Zambia. Mkwaju angeweza kuwa shemeji yako. Tunu angeweza kuwa dada yako.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Dodoma hawakurushiwa mchezo huo kwa miaka miwili, mpaka 1995. Ilifanywa makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na ambao hawakusikia. Walichokiona ni kwamba mchezo uliwafanya mume na mke wazungumze zaidi kuhusu uzazi wa mpango, jambo ambalo nyumba nyingi zilikuwa zinalipita kimya. Kumbe mchezo wa familia huwa unafungua mdomo wa nyumba.

UMEME WA ZAMBIA, SEBULE YA JIRANI

Televisheni ilipoanza kusambaa, Sumbawanga ilikuwa na ishu yake. Kwa miaka mingi mji huo haukuwa kwenye gridi ya taifa, umeme wake ulikuwa unanunuliwa Zambia. Barabara ya lami ya kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 200, ilikuja kujengwa miaka ya mwanzo ya 2010 kwa msaada wa Marekani. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na kila kitu kilichotoka mjini mkubwa, kanda za video zikiwemo, kilipita humo humo.

Na kama ilivyokuwa sehemu nyingi za nchi, luninga moja ilikuwa ya watu wengi. Mwenye nayo alikuwa kama ana ukumbi. Watoto wanakaa chini, akina mama kwenye mkeka, wanaume wanasimama mlangoni wakijifanya wanapita tu. Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba jioni inauma. Watu wanakuja na masweta na vitenge mabegani. Mhusika akifa, kilio kinakuwa cha chumba kizima.

Ndivyo zilivyoingia kazi za Kaole kupitia ITV, na baadaye filamu za bongo kwenye kanda na sidii. Mama mkwe asiyempenda mkamwana. Ndugu wanaogombania nyumba kabla kaburi halijakauka. Mjane anayeambiwa akusanye vyake. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Mwishoni mwa 2011 TBC ikaleta kitu kipya kabisa: tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Msichana wa Beijing anaolewa na mwanaume ambaye wazazi wake wameachana, kwa hiyo anajikuta ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Watu waliipenda mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Hebu fikiria. Familia ya Beijing, majina magumu kutamka, na bado mama wa Tanzania anasema, "Huyu mama mkwe ni kama yule wa kwetu."

Baadaye vikaja ving'amuzi, Siri ya Mtungi ya Bagamoyo, Huba, Jua Kali. Sasa hivi mtu wa Matai anajua mgogoro wa familia ya kwenye Jua Kali kuliko wa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Swali linabaki pale pale. Kama Beijing ilifika sebuleni, mbona familia ya Sumbawanga inapata tabu kufika? Inapofika, kwa kawaida imekuja na kibuyu.

STORI IKO, TENA YA ZAMANI SANA

Mtu anaweza kusema huko hakuna stori. Aende Milansi.

Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefanya kazi Ufipa miaka ya 1960, aliandika masimulizi ya Wafipa kuhusu mwanzo wa utawala wao. Kwa kifupi ni hivi. Mtawala wa Milansi aliondoka kwenda kuwinda. Nyuma yake wakafika wageni, wanawake waliotoka mbali, na kiti cha utawala kikakaliwa na mgeni. Mwenye nyumba aliporudi, mambo yameshaharibika. Hakukuwa na vita kubwa. Wakagawana: wageni, ukoo wa Watwa, wakachukua nchi, na Milansi ikabaki na heshima yake ya kimila. Vizazi baadaye Watwa wenyewe wakagawanyika, Nkansi upande mmoja na Lyangalile upande mwingine.

Sasa soma tena taratibu. Mwenye nyumba hayupo. Wageni mlangoni. Aliyebaki nyumbani anatakiwa aamue peke yake, na uamuzi wake unabadilisha ukoo mzima. Halafu wajukuu wanagombana. Hii siyo tamthilia ni nini? Na mtu ambaye hakuna anayemsimulia vya kutosha ni huyo huyo aliyebaki nyumbani. Alijisikiaje siku ile mumewe alipotokea na upinde wake begani?

Tena ukoo wa Kifipa, unaoitwa uluko, unahesabiwa upande wa baba na upande wa mama. Maana yake kwenye msiba wanaokaa kikao ni pande zote mbili. Mwandishi wa tamthilia angetaka nini zaidi?

KWA NINI HILI SIYO UTANI

Kuna wanaosema ni burudani tu, acheni kulia lia. Ngoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kundi lililoitwa Kamcape lilizunguka vijiji vya Ufipa likidai linawatafuta wachawi na kuwasafisha. Willis aliliona na akaliandika. Mambo ya namna hii huwa yanaanzia kwenye huzuni. Mtoto amekufa, mifugo imekufa, mtu anauliza kwa nini. Akipatikana wa kumjibu "umerogwa", kidole hakimfikii mtu wa mbali. Kinaishia kwa shangazi, kwa bibi, kwa jirani mzee anayeishi peke yake.

Hapo ndipo sini ya kibuyu inapoacha kuchekesha. Kila inaporudiwa, inawafundisha watazamaji kwamba Sumbawanga kifo kina jibu moja. Inamfanya bibi wa pale asiwe bibi wa mtu, awe mchawi anayesubiri kugundulika. Tamthilia ya familia inafanya kazi ya kinyume. Inakaa na waliofiwa. Inamuonyesha bibi akiosha vyombo vya matanga usiku, akilia taratibu kwa sababu aliyezikwa alimlea yeye. Mtu akishamuona bibi huyo kwa vipindi ishirini, ni vigumu kumnyooshea kidole.

Na mazingira yapo, hayahitaji kujengwa. Milima ya Mbizi iko pale juu ya mji. Upepo wa Ufipa una sauti yake. Kuna asubuhi za ukungu, mashamba ya ulezi, lori linaloondoka saa kumi alfajiri na mke amesimama mlangoni na kibatari. Weka mapenzi hapo. Weka msiba hapo. Weka kikao cha pande mbili za ukoo, kiti cha marehemu kiko wazi, na kila mtu anakitazama bila kukisogelea.

Huyo mama aliyelia na Tunu kwenye redio, akalia na wajane wa Kaole, akamhurumia Doudou wa Beijing, amesubiri vya kutosha. Naye ana haki ya kuona watu wanalia kwa ajili ya nyumba kama yake.

Wadau wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, uwanja ni wenu hapo chini. Ungepewa kamera leo, ungeanza na stori ya nyumba gani? Majina ya watu yaacheni, tupeni stori.