Calvary Chapel ya Costa Mesa
Calvary Chapel ni kanisa la kiinjili lililoanzia Costa Mesa, California, ambalo mchungaji Chuck Smith alianza kuliongoza mwaka 1965 likiwa na waumini wapatao 25 tu. Kuanzia mwaka 1968 liliwaendea mahipi, yaani vijana waliokaidi mila za wazazi wao, likawafungulia nyumba za kuishi kwa pamoja na, kwa msaada wa mhubiri kijana Lonnie Frisbee, likawapokea ibadani hata wakiwa pekupeku, jambo ambalo kwa makanisa ya wakati ule halikuwa dogo na liliwaudhi baadhi ya waumini wa zamani. Ubatizo wa kuzamishwa baharini huko Corona del Mar uliwavuta maelfu, na ibada zikahamia katika hema kubwa.