Uwanja wa Darlington na Bwawa la Samaki: Mbio za Kwanza za Mwaka 1950



Katika ukurasa wetu wa historia mwaka huu tunawapeleka mbali kidogo, hadi Darlington, mji mdogo wa wakulima wa pamba na tumbaku katika jimbo la South Carolina, Marekani. Tumeuchagua kwa sababu habari zake zitaeleweka upesi na yeyote aliyewahi kusikia watu wakisema, "Kitu kikubwa namna hiyo, hapa kwetu?"

Mwenye wazo hilo alikuwa Harold Brasington, mwenyeji wa hapo. Alikuwa mkandarasi mwenye mitambo ya kusawazisha ardhi, na aliwahi kushindana kwa magari. Mwaka 1933 alikwenda Indianapolis kutazama mbio za maili 500, akaona umati uliofurika kule. Alirudi nyumbani akitaka uwanja wa namna ile ujengwe kwao. Siku zile, huko Kusini, mbio za magari ya kawaida, yaani yale yale yanayonunuliwa dukani, zilikuwa za viwanja vifupi vya udongo na vumbi. Hata chama cha NASCAR kinachozisimamia kilikuwa kichanga, kwani kilianzishwa mwaka 1948.

Ardhi, ekari kama 70, ilitoka kwa mkulima Sherman Ramsey. Mzee alikubali kwa sharti moja: bwawa lake la samaki wadogo wa chambo, lililokuwa upande wa magharibi, lisiguswe. Brasington aliheshimu neno hilo. Ujenzi ulipoanza mwaka 1949, kona ya upande wa bwawa ilibidi ibanwe, na ile ya upande wa pili ikabaki pana. Ndiyo maana hadi leo uwanja wa Darlington una umbo la yai, na madereva huumiza kichwa, maana gari likitengenezwa lifae kona moja linasumbua kwenye nyingine.

Wapo waliomcheka. Lakini tarehe 4 Septemba 1950, Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, watu wapatao 25,000 waliingia Darlington, wengi kuliko waliotarajiwa. Magari 75 yalipangwa mstari kwa mstari, matatu matatu. Kila moja lilitakiwa kuzunguka mara 400 katika njia ya maili moja na robo, jumla maili 500, yaani zaidi ya kilomita 800. NASCAR haikuwa imewahi kuendesha mbio ndefu kiasi hicho, wala kwenye uwanja mkubwa wa lami.

Lami ndiyo iliyowatesa. Wenye magari mazito yenye nguvu walikwenda mbio, joto likapanda, tairi zikapasuka moja baada ya nyingine. Husimuliwa kwamba mafundi waliishiwa tairi wakaenda kuzitafuta kwenye magari ya watazamaji.

Johnny Mantz wa California alianza nafasi ya 43, akiwa na Plymouth ndogo isiyotishia mtu. Ila alikuwa amekwisha kushindana Indianapolis, akaijua lami. Alifunga tairi ngumu za lori, akaenda kwa mwendo wake. Wenzake waliposimama kubadilisha tairi, yeye alipita. Baada ya saa 6 na dakika 38 alimaliza wa kwanza, akiwa amemwacha Fireball Roberts, aliyekuwa wa pili, kwa mizunguko tisa. Wastani wa mwendo wake ulikuwa kama kilomita 121 kwa saa. Alipata zawadi ya zaidi ya dola 10,000.

Hatutaki kuipamba historia. South Carolina ya mwaka ule ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, na raia weusi wa jimbo hilo hawakuwa na nafasi sawa katika sherehe za mji wao wenyewe. Mpaka Desemba 1963 ndipo dereva mweusi, Wendell Scott, alipopata ushindi wa kwanza katika ngazi ya juu ya mbio hizi, huko Jacksonville, Florida. Maendeleo ya mji yakiwaacha nje baadhi ya wenyeji, kazi bado haijakamilika.

Wala mji haukuhakikishiwa urithi wake milele. Katika miaka ya 2000 mbio za sikukuu hiyo zilihamishiwa kwingine, zikarudi Darlington mwaka 2015. Kwa zaidi ya miaka kumi wenyeji waliuona mwezi Septemba ukipita bila wageni wao.

Tukizingatia hayo, ndugu zetu, tunaona mambo mawili yaliyoubeba mradi ule: mwenyeji aliyeleta mitambo na ujuzi wake kwao badala ya kuupeleka mji mwingine, na makubaliano na mwenye shamba yaliyotimizwa hata yalipoharibu mchoro. Tunapozungumzia viwanja na mipaka huku kwetu, tulikumbuke bwawa la Mzee Ramsey.