Wazee Walipoinuliwa Vitandani

Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, magharibi mwa London, ilikabidhiwa majengo ya jirani yaliyokuwa ya nyumba ya maskini. Ndani yake walilala wagonjwa 714, wengi wao wazee, na daktari aliyeangukiwa na jukumu la kuwatazama alikuwa Marjory Warren. Alikuta waliopooza kwa kiharusi, waliopoteza kumbukumbu, vijana wenye ulemavu na watu wa kukata roho, wote wamechanganywa katika wodi zilezile. Walilishwa, wakaogeshwa, wakabadilishiwa mashuka. Kando ya vitanda viliwekwa vizuizi wasije wakaanguka. Miezi ilivyopita, magoti yalikunjwa yakagoma kunyooka, na ngozi ya makalio ikachubuka hadi nyama ikaonekana.

Hakuna aliyewatakia mabaya. Zama hizo kitanda kilihesabiwa kuwa dawa. Mwenye maradhi ya moyo alilazwa wiki nyingi bila ruhusa ya kusimama, na mzazi aliyejifungua salama alizuiwa kutembea kwa siku kadhaa. Kwa mzee, ambaye hakutarajiwa kupona, agizo la kulala halikuwa na mwisho.

Warren aliwapima upya, mmoja baada ya mwingine. Aliwatenganisha kufuatana na maradhi yao, akaagiza kuta zipakwe rangi ya kung'aa, taa ziongezwe na vishikio vifungwe ukutani. Waliopooza walifundishwa kukaa, kisha kusimama, kisha kupiga hatua. Wengi waliodhaniwa watafia pale walirudi kwao kwa miguu yao. Aliyaeleza hayo katika jarida la British Medical Journal mwaka 1943 na The Lancet mwaka 1946, na maandishi hayo yakawa miongoni mwa misingi ya tiba ya wazee nchini Uingereza.

Mwaka 1947 aliibuka daktari mwingine wa London, Richard Asher, akaandika katika British Medical Journal makala fupi yenye kejeli kuhusu hatari za kwenda kulala. Aliupitia mwili kiungo kwa kiungo. Mapafu yasiyopanuka vizuri hukusanya makohozi na kuleta nimonia. Damu ya miguu isiyotikiswa huganda, na bonge likichomoka hufika kwenye mapafu na kuua. Mifupa hupoteza madini yake, mkojo huziba, choo huwa kigumu, misuli husinyaa. Baada ya hapo huja kukata tamaa: mgonjwa hulizoea shuka hata akaogopa sakafu. Asher hakupinga mapumziko. Alitaka daktari anayeagiza kitanda akiogope kama anavyoiogopa dawa kali.

Wauguzi nao walikuwa na ushahidi wao. Mwaka 1962 muuguzi Mwingereza Doreen Norton na wenzake walichapisha utafiti kuhusu uuguzi wa wazee hospitalini. Kabla yake, kidonda cha kulalia kilitibiwa kwa kila aina ya mafuta na pombe za kuchua, kila wodi ikiapa kwa dawa yake. Norton alitoa kipimo ambacho nesi angeweza kukitumia akiwa amesimama kando ya kitanda: hali ya mwili, hali ya akili, kama mgonjwa anatembea, kama anaweza kujigeuza, na kama anazuia haja. Kila jambo lilipewa alama 1 hadi 4, jumla 20. Aliyepata 14 au chini ya hapo alikuwa hatarini, na alihitaji kugeuzwa mara kwa mara, usiku na mchana.

Marekani ilianza kuhesabu. Mwaka 1964 Elihu Schimmel alieleza yaliyowapata wagonjwa zaidi ya 1,000 waliolazwa katika hospitali moja ya New Haven: mmoja kati ya 5 alidhurika kutokana na vipimo, dawa au huduma nyingine alizopewa. Mwaka 1991 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kusoma faili 30,121 za wagonjwa waliolazwa mwaka 1984 katika hospitali 51 za jimbo la New York. Madhara ya matibabu yalionekana kwa asilimia 3.7 yao, na waliozidi miaka 65 walikuwa katika hatari zaidi ya maradufu ya ile ya vijana.

Jibu mojawapo lilitoka New Haven hukohuko. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake walieleza jaribio la wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Lengo lilikuwa kuzuia kuchanganyikiwa kwa ghafla, ile hali ambapo mzee aliyeingia wodini akijua siku na majina ya wajukuu huanza kuongea na watu wasiokuwapo. Vifaa vyake vilikuwa miwani, visaidizi vya kusikia, glasi ya maji, maziwa ya moto badala ya kidonge cha usingizi, na mtu wa kumtembeza mgonjwa. Waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 9.9, dhidi ya 15 kwa wale waliopata huduma ya kawaida.

Kisha sheria ya fedha ikaukoroga mchuzi. Kuanzia Oktoba 2008, Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, iliacha kuzilipa hospitali gharama za ziada za majeraha ya kuanguka wodini. Hospitali zikazidi kutegemea kengele za kitandani, ambazo hulia mgonjwa anapojaribu tu kuinuka. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa zaidi ya 27,000: wodi zilizohimizwa kutumia kengele hizo ziliongeza matumizi yake, lakini idadi ya walioanguka haikupungua.