Shahada ya Usanifu na Lugha ya Fundi



Mada hii yaweza kuonekana kuwa ya watu wa rula na ubao wa kuchorea, wala si ya wanaisimu. Nakusudia kuonyesha kwamba inatuhusu sisi pia.

Kabla chuo kikuu chochote hakijatoa shahada ya usanifu katika Afrika ya Mashariki, usanifu ulikuwa ukifundishwa. Katika karakana za Lamu na Unguja, mwanagenzi aliketi karibu na fundi wake, akajifunza kuchonga mlango. Alijua miimo, kizingiti na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili. Jina la kitu na matumizi yake vilimfikia kwa pamoja, kwa lugha moja.

Elimu ya chuo ilifuata njia nyingine. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, na kutoka huko wakatokea wasanii kama Sam Ntiro wa Tanganyika. Usanifu wa vitu vya matumizi ulipata nguvu Nairobi katika miaka ya 1960, pale Selby Mvusi, msanii wa Afrika ya Kusini aliyewahi kufundisha Kumasi, alipoungana na Derek Morgan katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Mvusi hakuridhika na usanifu ulio pambo tu. Aliutazama kama suala la jamii inayoingia katika zama za viwanda. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1967, lakini somo halikufa. Chuo hicho kilipokuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, usanifu uliendelea kuwa na mahali pake.

Hata hivyo, somo hilo lilifundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huchora, huunda vielelezo na huitetea kazi yake mbele ya walimu kwa lugha hiyo. Kisha hufika kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, na hapo maelezo yake hayana budi kugeuka Kiswahili. Asipokuwa na maneno, huonyesha kwa kidole.

Istilahi zetu nazo zina utata. Neno “usanifu” hubeba kazi ya mchora majengo na ya mbunifu wa viti; “sanifu” hutaja pia lugha iliyowekewa kanuni, kazi iliyokabidhiwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. “Ubunifu” nao humaanisha kipaji, uvumbuzi na mitindo ya mavazi.

Tiba haitapatikana kwa kubuni maneno mezani peke yake. Mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa usanifu waende pamoja karakanani, waandike kila jina la kifaa, kiungo na kosa. Fundi akizeeka bila kuulizwa, msamiati wake utazikwa naye, na shahada zetu zitaendelea kuonyesha kwa kidole.