Sheria za Soko Huria na Bunge la Chama Kimoja

Wako wenzetu wanaosema kwamba ujamaa uliuawa na mfumo wa vyama vingi. Madai haya hayalingani na tarehe. Sheria kubwa zilizofungua mlango wa soko huria katika Tanzania zilitungwa na wabunge waliochaguliwa chini ya mfumo wa Chama kimoja. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi haukufanyika mpaka 1995. Kwa hiyo katika kuchambua jambo hili hatuna budi kuanza na kujikosoa sisi wenyewe.

Tukumbuke kwanza jinsi njia kuu za uchumi zilivyotwaliwa. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, kesho yake mabenki yakatangazwa kuwa mali ya umma, na kabla ya mwezi kwisha Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kuunda Benki ya Taifa ya Biashara. Tamko lilitangulia, watu wakaandamana kuliunga mkono, sheria ikafuata. Aliyelipinga na aliyelikubali wote walijua nini kinafanyika.

Kurudi nyuma hakukufuata utaratibu huo. Mwaka 1983, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu Ndugu Edward Sokoine, Bunge lilipitisha sheria kali dhidi ya wahujumu uchumi, na walanguzi wakapelekwa mbele ya mahakama maalum. Ndugu Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Miezi miwili baadaye, katika bajeti ya Juni 1984, Serikali iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje na kuziuza, bila kuulizwa fedha hizo alizipataje. Katika bajeti hiyo hiyo ruzuku ya unga wa sembe iliondolewa. Hivyo, katika muda wa mwaka mmoja na ushee, mtu aliyekuwa akitafutwa kama adui wa umma aliitwa kulijaza duka.

Tusijidanganye: maduka yalikuwa matupu kweli. Vita vya Kagera vya 1978–79, kupanda kwa bei ya mafuta na udhaifu wa mashirika yetu wenyewe vilikuwa vimetufikisha mahali ambapo kipande cha sabuni kilipangiwa foleni, na mkulima alikopwa mazao yake na bodi iliyoundwa kumtetea. Mabeberu wa Shirika la Fedha la Kimataifa hawakuileta njaa ile peke yao, waliikuta, wakaitumia. Makubaliano ya 1986 yaliposhusha thamani ya shilingi kutoka 17 hivi kwa dola hadi 40, uamuzi ulikuwa umekwisha fanywa kabla mbunge hajafungua kabrasha lake. Tangu 1975 Katiba ilikuwa imetamka wazi ukuu wa Chama. Bunge lililozoea kupokea maamuzi ya kujenga ujamaa lilipokea kwa mikono ile ile maamuzi ya kuubomoa.

Lakini jambo zito zaidi ni mpangilio wa matukio ya 1990 hadi 1993. Sheria ya kulinda vitega uchumi ilitungwa 1990. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi: kiongozi aliyekatazwa tangu 1967 kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, sasa akaruhusiwa. Baada ya hapo ndipo Bunge lilipotunga sheria ya 1991 iliyokaribisha mabenki ya watu binafsi, ile ya Mashirika ya Umma ya 1992 pamoja na marekebisho yake ya 1993 yaliyoweka tume ya kurekebisha na kuuza mashirika hayo, na marekebisho ya sheria za bodi za mazao ya 1993. Hatusemi kila mbunge alikuwa na shirika analolimezea mate. Tunasema kwamba mtu anayepiga kura ya kuuza mali ya umma alikuwa, kwa mara ya kwanza katika robo karne, anaruhusiwa na Chama chake kuwa mnunuzi. Benki ya Taifa ya Biashara yenyewe iligawanywa 1997, na mwaka 2000 asilimia 55 ya hisa zake zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini.

Wala hapakuwa na siku Bunge lilipoulizwa: je, tunauacha ujamaa? Swali hilo lilikatwa vipande vidogo vidogo, hiki bajeti, kile marekebisho, na kila kipande kikapita. Katiba ya 1977 bado inasema katika ibara ya 3 kwamba nchi yetu ni ya kijamaa, na ibara ya 9 inataka njia kuu za uchumi zisilimbikizwe mikononi mwa watu wachache. Kilichobadilishwa ni kamusi. Ibara ya 151, kama ilivyorekebishwa katika miaka ya 1990, inaeleza kwamba Ujamaa na Kujitegemea ni misingi ya kujenga Taifa linalozingatia demokrasia, kujitegemea, uhuru, haki, usawa, udugu na umoja. Kuhusu nani amiliki kiwanda, benki au shamba, tafsiri hiyo haina neno.